Simbakubwa wa Meswa hakuwa simba, na wala hakuangamia kwa uzembe

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu kuhusu Simbakubwa, yule mnyama wa kale mla nyama ambaye mifupa yake ilichimbuliwa Meswa Bridge, huku kwetu upande wa Muhoroni. Nilifurahi kuona anazungumzwa kwa Kiswahili, tena na mtu wa kawaida kama mimi. Lakini mwenzangu aliandika mambo mawili ambayo siwezi kuyaacha yapite hivi hivi. La kwanza ni kwamba Simbakubwa ndiye babu wa simba tunaowaona Maasai Mara. La pili, ambalo liliniudhi zaidi, ni kwamba alikuwa jitu zito lisilo na akili, likashindwa na simba halisi na kutoweka, kwa kuwa asiyefaa lazima aondoke. Naomba nafasi nimjibu kwa heshima. Barua yangu itakuwa ndefu kidogo, lakini mnyama huyu anastahili.

Mimi ni mwenye bucha hapa Muhoroni. Sikusomea visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka mawe, chuoni. Ninachokijua tangu ujana wangu ni taya, jino, kano na mfupa, kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha. Mengine nimeyapata kwa kusoma, na kwa binti yangu anayefundisha bayolojia. Ni yeye aliyenisomea habari za Simbakubwa zilipotoka mwaka 2019, na tangu hapo sijaacha kumfuatilia mnyama huyu.

Nianze na namna alivyopatikana, maana mwenzangu aliruka hapo. Mifupa yake ilitolewa ardhini zaidi ya miaka 30 kabla ya kupewa jina. Ikasafirishwa hadi makumbusho ya taifa Nairobi, ikaandikwa namba na kuwekwa kabatini. Mwaka 2013 mtafiti Mmarekani, Matthew Borths, aliyekuwa akichunguza jamii ya wanyama hawa, alifungua kabati hizo akakutana na meno makubwa kupita kiasi, yasiyofanana na ya mnyama yeyote aliyekwisha kuelezwa. Baadaye akashirikiana na Nancy Stevens wa Chuo Kikuu cha Ohio, na mwaka 2019 wakamtangaza kwa jina Simbakubwa kutokaafrika. Kilichopo ni sehemu kubwa ya taya la chini, meno ya juu kadhaa, na mifupa michache ya mguu ukiwemo wa kisigino. Mtu anaweza kusema hayo ni machache. Kusini mwa Sahara, hakuna mnyama wa tawi lake aliyepatikana akiwa kamili kuliko huyu.

Jina hilo ndilo lililowapoteza wengi. Watafiti walitaka jina la Kiswahili linaloonyesha ukubwa na ukali, wakachukua simba. Kiukoo si simba, si chui, si fisi. Ni wa kundi liitwalo haienodonti, ambalo halikuacha hata mtoto mmoja duniani leo. Ushahidi uko kinywani, na hapo naomba niseme kama mtu wa bucha.

Nyuma ya duka langu hukaa mbwa wakisubiri vipande. Mtupie mmoja kipande cha kano, ile ngumu ya mguu wa nyuma ambayo hata kisu kikali huitelezea. Hataiuma kwa meno ya mbele. Ataishika kwa makucha, ageuze kichwa upande, aisukume mpaka kwenye pembe ya mdomo, kisha ataanza kuikata kidogo kidogo, jicho la upande huo likifumba kwa nguvu ya taya. Pale kwenye pembe ya mdomo ndipo lilipo jino la kazi. Juu ni gego la nne kati ya yale ya mbele, chini ni la kwanza kati ya magego ya nyuma. Yakifunga hayagongani uso kwa uso. Hupishana ubavu kwa ubavu kama makali ya mkasi. Kila upande wa kinywa una jozi moja tu ya namna hiyo. Mbwa anayo, paka anayo, fisi anayo, na simba anayo kubwa ya kutisha. Hata dubu, ambaye siku hizi hula kila kitu, bado ana meno hayo mahali pale pale, ingawa yamepungua makali. Ndiyo alama ya ukoo wao wote.

Nyuma ya jino hilo mbwa amebakiwa na magego bapa ya kusaga. Ndiyo maana utamwona akila ugali, mahindi, hata parachichi zilizoanguka. Jozi moja ya kukatia, na nyuma yake nafasi ya kusagia. Naomba msomaji aushike mpango huo, nitaurudia mbele.

Sasa tazama picha ya taya la Simbakubwa. Magego yote matatu ya nyuma ni makali ya kukata. Yamepangwa mstari mmoja, na kila ukielekea nyuma linalofuata ni kubwa kuliko lililotangulia. La mwisho, ambalo kwa mbwa ni kijino kidogo unachoweza kukipoteza kwenye kiganja, kwake ndilo kisu kikubwa kuliko vyote. Hakuna mahali pa kusaga. Kinywa kizima kuanzia chonge hadi mwisho wa taya kimeundwa kwa ajili ya nyama na mfupa. Mnyama mwenye mpango huo hawezi kuwa babu wa simba, kwa sababu simba alichonga kisu chake kwenye jino jingine kabisa. Ni koo mbili zilizoanza kula nyama kila mmoja kivyake, na kila mmoja akajitengenezea vifaa vyake.

Jambo jingine lililonigusa kwenye meno yale ni kwamba hayajalika sana. Sisi wachinjaji tunajua umri wa ng'ombe kwa kumfungua mdomo. Ukiona makali bado yamesimama unajua huyu hajakaa sana duniani. Watafiti nao wamesema hivyo hivyo: mnyama huyu alikuwa amekua, lakini bado kijana. Alikufa akiwa na vifaa karibu vipya.

Kuhusu uzito, mwenzangu aliandika kilo 1,500 kama kwamba mtu alimpandisha mizani. Tuwe waangalifu. Uzito wa mnyama wa kale hupigwa hesabu kutokana na urefu wa jino, na kila kanuni ina jibu lake. Kanuni moja ilimpa Simbakubwa kilo 280 hivi, nyingine ikampandisha hadi zaidi ya kilo 1,500. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na sababu yake inaeleweka: jamii hii ilikuwa na vichwa vikubwa kulinganisha na miili, kwa hiyo ukimpima mnyama wa kichwa kikubwa kwa kipimo cha paka, utamwongezea kilo asizokuwa nazo. Mimi hukadiria ng'ombe kwa macho kabla ya kumnunua, na najua hatari ya kutazama kichwa peke yake. Lakini hata ukichukua ile hesabu ya chini kabisa, bado anamzidi simba dume wa leo, ambaye wengi wao hawafiki kilo 220. Haihitaji chumvi kumfanya awe wa kustaajabisha.

Aliishi wapi? Hapa hapa, Mhariri. Ukisimama Muhoroni ukatazama kaskazini mashariki unaona miinuko ya Tinderet. Leo ni chai, mahindi na baridi ya asubuhi. Miaka milioni 22 hivi iliyopita Tinderet ilikuwa volkano, na jivu lake lilifunika nchi hii mara kwa mara. Jivu hilo lilikuwa na chokaa nyingi. Mfupa ukianguka kwenye udongo wa msitu wa mvua kwa kawaida huliwa na tindikali ya udongo ukaisha, hata wa tembo. Chokaa ya volkano iliizuia tindikali hiyo, na ndiyo maana eneo letu, kuanzia Koru hadi Songhor na Meswa, limejaa mifupa ambayo sehemu nyingi za Afrika za umri huo hazina. Watu wanaochimba chokaa Koru wanachimba jivu lile lile. Mwaka 1926 daktari mmoja mlowezi aitwaye Gordon aliona mifupa kwenye chokaa ya shamba lake huko Koru, akaipeleka Uingereza, na kutokana na mifupa hiyo mwaka 1933 likatangazwa jina la Proconsul, nyani wa kale asiye na mkia ambaye hadi leo hutajwa kila inapoelezwa historia ya sokwe na binadamu. Meswa nako kumepatikana mmoja wa jamii hiyo, aliyepewa jina la mahali hapo mwaka 2009.

Kwa hiyo msimweke Simbakubwa kwenye nyasi za Mara. Nyasi zile hazikuwapo. Mweke msituni, chini ya volkano, pamoja na nyani hao juu ya miti, pimbi wakubwa mara nyingi kuliko hawa wa mawe tunaowajua, na mnyama wa jamii ya tembo aitwaye Eozygodon ambaye mabaki yake yamepatikana pale pale Meswa. Walikuwapo pia waitwao anthrakotheri, jamaa wa mbali wa kiboko. Hizo ndizo nyama zilizokuwa zikipita mbele yake. Alikuwa juu ya wote. Hakukuwa na simba wa kumnyang'anya, wala kundi la fisi wa kumzunguka.

Na ukoo wake haukuwa wa jana. Mabaki ya zamani zaidi ya haienodonti barani Afrika yametoka Moroko, na yana umri wa karibu miaka milioni 60. Wakati huo Afrika na Arabuni zilikuwa bara moja lililozungukwa na bahari, bila daraja la kwenda Asia. Kwa makumi ya mamilioni ya miaka hawa ndio waliokuwa walaji nyama wakuu wa bara zima. Misri, huko Fayum, wamepatikana wengi, na mwaka 2025 watafiti wa Mansoura wakiongozwa na Shorouq Al-Ashqar walitangaza fuvu karibu kamili la mmoja wao wa miaka milioni 30 iliyopita. Tanzania, kwenye bonde la Rukwa, alipatikana mdogo wa umri wa miaka milioni 25, na Borths na Stevens hao hao wakampa jina Pakakali mwaka 2017. Uganda wapo waliotoka Napak. Rusinga, kisiwa ninachokiona nikienda Mbita kwa shemeji zangu, wapo wa saizi mbalimbali, kuanzia wa kimo cha mbweha. Libya alikuwapo Megistotherium, ambaye kichwa chake kilikuwa kikubwa hata kuliko cha Simbakubwa. Mmoja wa tawi lao, Hyainailouros, alivuka hadi Ulaya. Kundi lililotawala bara kwa muda huo, likatoa wadogo na wakubwa, likavuka bahari ilipokauka njia, mwenzangu analiitaje zembe?

Sasa nifike kwenye kifo, maana hapo ndipo barua ya mwenzangu ilipokosea kabisa.

Alisema simba walimshinda. Simba hawakuwahi kumwona. Paka wakubwa wa jinsi ya simba wanaanza kuonekana katika visukuku vya Afrika Mashariki huko Laetoli, Tanzania, miaka milioni 3.5 hivi iliyopita. Haienodonti wa mwisho kabisa wanaojulikana walikuwa Asia ya kusini, na walitoweka miaka milioni 9 hivi iliyopita. Kati ya mmoja na mwingine kuna zaidi ya miaka milioni 5 ya kimya. Huwezi kumshtaki mtu kwa mauaji yaliyotokea kabla hajazaliwa.

Kilichotokea kilianza na ardhi yenyewe. Bamba la Afrika na Arabuni lilikuwa likisukumwa kaskazini polepole, na karibu miaka milioni 20 iliyopita Arabuni iligusa Asia. Bahari iliyokuwa katikati ikafungwa, njia ya nchi kavu ikapatikana. Wanyama wakaanza kupita pande zote mbili. Jamaa za tembo walitoka Afrika wakaenda kuzagaa Asia na Ulaya. Kwa upande wetu waliingia wala nyama wa ukoo ule wa jozi moja ya meno: paka wa mwanzo, wale mbwadubu wakubwa waitwao amfisioni, na baadaye fisi. Mwanzoni wengi wao walikuwa wadogo, na jamaa za Simbakubwa waliendelea kuishi pamoja nao kwa mamilioni ya miaka. Hawakufagiliwa kwa siku moja. Wageni waliingia kwanza kwenye kazi za chini, wakala panya, ndege na matunda, na kila nafasi ndogo ilipoachwa wazi kulikuwa na mmoja wao wa kuijaza.

Wakati huo huo nchi ilikuwa inainuka. Ile nguvu iliyopasua Bonde la Ufa ilinyanyua ardhi ya Kenya, mvua zikabadili njia, na hali ya hewa ya dunia ikazidi kuwa kavu. Msitu ukaanza kukatika vipande. Na mabadiliko hayo, Mhariri, yanaweza kusomwa bila kutoka kwenye reli yetu. Meswa ni msitu wa miaka milioni 22. Panda juu kidogo, upite Koru, ufike Fort Ternan. Huko mkulima Fred Wicker aliona mifupa shambani mwake, na mwaka 1961 Louis Leakey akaanza kuichimba. Ina umri wa miaka karibu milioni 14. Ndani yake kuna swala wengi, kuna jamaa wa twiga, na kuna hata nyasi zilizogeuka mawe. Kutoka kituo kimoja hadi kingine unapita miaka milioni 8, na wanyama waliomo wamebadilika. Nyama iliyokuwa ikitembea taratibu kwenye kivuli sasa inakimbia kwenye uwazi, kwa makundi, ikiona mbali.

Mnyama aliyezoea kumngoja pimbi mkubwa msituni afanye nini? Hapo ndipo nikumbushe ule mpango wa meno. Ukoo wa mbwa na paka ulibakiza akiba nyuma ya kisu. Kutoka kwenye mpango huo huo wametoka simba wanaokula nyama tupu, fungo wanaokula matunda, dubu wanaokula mizizi na asali. Hali ikiwaharibikia wala nyama tupu, wapo ndugu zao wanaoendelea, na baada ya muda miongoni mwa hao hutoka tena wala nyama wapya. Haienodonti waliweka magego yote kwenye kisu. Kwa kazi ya kukata hakuna kinywa kilichowazidi. Lakini gego likishakuwa kisu halirudi kuwa kinu. Vizazi havikuwa na pa kuanzia. Hayo ni maelezo ya wataalamu, na mimi nayaamini kwa sababu nimeona kila siku kinachofanywa na jino moja bapa nyuma ya taya la mbwa koko.

Ongeza ukubwa. Mla nyama mkubwa anahitaji eneo kubwa na mawindo makubwa, na kwa hiyo kila mahali wanakuwa wachache. Wakiwa wachache na wakizaa polepole, ukame unaomkondesha mdogo unammaliza mkubwa. Jamaa wakubwa wa Simbakubwa walikuwa miongoni mwa wa mwisho wa ukoo wao kuondoka, jambo ambalo linaonyesha kwamba ukubwa uliwalinda kwa muda mrefu dhidi ya wageni. Wageni walichukua kwanza nafasi za wadogo. Jitu lilibaki juu, likitegemea msitu na nyama zake, mpaka msitu na nyama hizo vilipokwisha.

Ndiyo maana neno asiyefaa liliniudhi. Alifaa, na alifaa kwa muda ambao mimi na mwenzangu hatuwezi hata kuufikiria vizuri. Nchi ndiyo iliyohama chini ya miguu yake. Kumtukana kwa hilo ni sawa na kumlaumu mvuvi kwa kukauka kwa ziwa. Na kuna watoto wanaosoma gazeti hili. Wakifundishwa kwamba kila kilichotoweka kilistahili kutoweka, watamtazama kifaru, mbwa mwitu na pangolini kwa jicho hilo hilo, na hilo mimi siwezi kulinyamazia.

Mwenzangu aliuliza pia faida ya kuhifadhi mifupa kabatini miaka yote hiyo. Jibu ni mnyama huyu mwenyewe. Yupo mtu aliyechimba taya lile kwa uangalifu, yupo aliyeligundisha lilipovunjika, yupo aliyeliandikia namba na mahali lilipotoka kwa wino usiofutika. Sijui majina yao na hayakutangazwa redioni. Kama mmoja wao angeona kwamba ni mfupa tu, Borths angefungua kabati tupu. Nawashukuru watu hao kwa dhati. Kazi ya kutunza kitu ambacho bado hakina jina ni kazi ngumu kuliko kukipa jina.

Na bado mifupa ipo ardhini. Naandika hasa kwa vijana wa huku wanaochimba mawe, wanaochimba mitaro ya miwa na wanaotengeneza barabara baada ya mvua kubomoa. Najua mifupa mingi hutupwa kando kwa kudhaniwa ni ya ng'ombe. Naomba muitambue. Mfupa wa ng'ombe uliokaa ardhini huwa mwepesi, huvunjika kama unga kwenye kingo, na ukiuchoma hutoa harufu ya nywele. Kisukuku ni kizito kuliko ukubwa wake, ni baridi mkononi, na ukikigonga kwa jiwe hulia kwa sauti kavu. Lakini msikigonge. Msikioshe wala kukichokoa kwa msumari. Kiacheni pale pale kilipo, wekeni alama, pigeni picha pamoja na kitu cha kuonyesha ukubwa, kisha mtoe taarifa kwa makumbusho ya taifa. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inataka anayeona kitu kama hicho aijulishe taasisi hiyo, na kukiuza bila kibali ni kosa. Mfupa ukishahamishwa bila kuandikwa ulitoka tabaka gani, umepoteza nusu ya habari yake, maana umri hausomwi kwenye mfupa, husomwa kwenye jivu lililoulalia juu na chini.

Mwisho, nina ombi kwa walimu wa shule za Muhoroni, Koru na Chemelil. Watoto wanasoma habari za meno katika vitabu vyenye michoro ya kufifia. Mimi nina mafuvu yaliyochemshwa na kusafishwa vizuri: la mbwa, la paka, la mbuzi na la ng'ombe. Binti yangu amechora taya la Simbakubwa kwa ukubwa wa picha zilizotolewa, kwenye karatasi ndefu. Jumatatu asubuhi bucha huwa tulivu kwa sababu watu wengi wamekula nyama Jumapili. Mwalimu anayetaka kuleta darasa aje siku hiyo, watoto washike jino la mbwa kwa mkono, walilinganishe na lile la mchoro, waulize wanachotaka. Hakuna malipo. Aniarifu tu siku moja kabla ili nitoe meza nje, maana ndani hawataenea.

Wako msomaji,
Mwenye bucha, Muhoroni